Je, Wajua? Wanafizikia na Ufundi wa Kuandika Programu

Ukiuliza watu mwanafizikia hushika nini kutwa nzima, wengi watataja darubini, sumaku au mizani. Siku hizi wanafizikia wengi hushinda mbele ya kompyuta, wakiandika programu za kuchambua vipimo vyao. Programu hiyo nayo ni chombo cha kupimia, kama rula ya seremala: ikipinda, kila kilichopimwa kwayo kimepinda. Ajabu ni kwamba vyuo vikuu vilifundisha hesabu na kazi za maabara kwa uangalifu mkubwa, lakini ufundi wa kuandika programu vikauacha kila mtu ajiokotee njiani. Haya hapa ni mambo ya kweli kuhusu namna ufundi huo ulivyoanza, gharama ya kuukosa, na watu waliojitolea kuufundisha.

1. Je, wajua kwamba kazi ilikwenda kasi mara tisa baada ya wafanyakazi kuelezwa maana yake?

Mwaka 1944, katika maabara ya siri ya Los Alamos, jimbo la New Mexico nchini Marekani, hesabu za fizikia zilipitishwa kwenye mashine za IBM zilizosoma kadi zenye matundu. Jeshi lilikusanya vijana waliotoka sekondari wenye kipaji cha ufundi, likawaweka kambini na kuwakabidhi mashine hizo. Namba zile zilikuwa za nini, hakuna aliyewaambia. Walitoboa kadi, wakapanga kadi, siku zikaenda. Katika miezi 9 zilikamilika hesabu 3 tu.

Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa bado kijana, alitaka vijana hao waelezwe. Ruhusa ya wakuu wa usalama ilipotoka, akawapa mhadhara kuhusu kazi yenyewe na mahali namba zao zinapoingia. Vijana wakawa watu wengine. Walibuni njia zao wenyewe za kuharakisha kazi, wakakesha bila kusimamiwa, na katika miezi 3 wakamaliza hesabu 9. Kazi ile ilikuwa ya bomu la atomiki, na uchungu wake ulimwengu unaujua. Funzo la ualimu lililopatikana pale ndilo tunalolichukua: mtu akijua jasho lake linakwenda wapi, hujifunza upesi kuliko yule anayetii maagizo tu.

2. Je, wajua kwamba baadhi ya programu za mwanzo kabisa za fizikia ziliandikwa na wanawake ambao majina yao yalisahauliwa?

Miaka michache baadaye, Los Alamos ilikuwa na kompyuta iliyoitwa MANIAC. Mwaka 1953 ilichapishwa njia mashuhuri ya kukadiria hali ya chembe nyingi kwa kutumia namba za bahati nasibu, na njia hiyo ingali inatumika kote duniani. Aliyeiandikia programu kwenye MANIAC ni Arianna Rosenbluth, aliyekuwa amepata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na umri wa miaka 21.

Katika kipindi hichohicho Mary Tsingou aliandika programu ya jaribio la Fermi, Pasta na Ulam kuhusu mtikisiko wa chembe zilizounganishwa mithili ya springi. Wote walitarajia nishati isambae na kutulia. Kompyuta ikaonyesha kwamba nishati ilirudi karibu kabisa na pale ilipoanzia, na tawi zima jipya la fizikia likazaliwa. Ripoti ya mwaka 1955 ilimtaja Tsingou kwa shukrani tu, na jaribio likabeba majina ya wanaume watatu kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2008 mwanafizikia Mfaransa Thierry Dauxois alipendekeza jina lake liongezwe. Leo wengi huliita jaribio la Fermi, Pasta, Ulam na Tsingou.

3. Je, wajua kwamba wanasayansi wengi hawakufundishwa na mtu kuandika programu?

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, wanasayansi karibu 2,000 waliulizwa walijifunzaje kuandika programu. Zaidi ya 90 katika kila 100 walisema kujisomea wenyewe kulikuwa muhimu kwao. Waliosema hivyo kuhusu masomo rasmi ya chuoni walikuwa kama theluthi moja.

Kujisomea si kosa, ila kuna mambo ambayo mtu peke yake hayaokoti. Atajua kuamuru kompyuta ichore grafu, asijue namna ya kuthibitisha kwamba grafu ni sahihi. Atarithi programu ya mwanafunzi aliyehitimu na kuondoka, isiyo na maelezo hata mstari mmoja, na ataogopa kuigusa isije ikaharibika.

4. Je, wajua kwamba mafunzo mashuhuri ya aina hii yana jina la useremala?

Mwaka 1998, Greg Wilson na Brent Gorda walianza kuwafundisha watafiti kuandika programu kwa mpango maalumu. Mahali palikuwa palepale Los Alamos, walipokesha vijana wa Feynman. Waliyaita mafunzo yao Software Carpentry, yaani Useremala wa Programu.

Jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi. Kuna uhandisi wa kujenga daraja refu juu ya bahari, na kuna useremala wa kutengeneza mlango usiofunga vizuri. Mwanafizikia hahitaji kuwa mhandisi wa programu kubwa zinazoendesha benki. Anahitaji kujua msumeno, randa na rula, na kuvitumia bila kujikata. Kwa kompyuta, vifaa hivyo ni vitatu: kuamuru mashine kwa maandishi, kuandika programu fupi kwa lugha kama Python au R, na kuweka kumbukumbu ya kila badiliko.

Mwanzoni kozi ilichukua wiki nzima. Baadaye ikapangwa upya kuwa warsha ya siku mbili, kwa kuwa watafiti wengi hawapati wiki ya kuacha kazi zao. Mwaka 2018 mpango huo uliungana na mwenzake wa masomo ya data, na jumuiya iliyozaliwa ikaitwa The Carpentries. Wanaofundisha wengi ni watu wa kujitolea, na wengi wao waliwahi kukaa darasani kama wanagenzi.

5. Je, wajua kwamba kifaa muhimu katika warsha hizo ni vijikaratasi vya rangi mbili?

Kila mshiriki hupewa vijikaratasi viwili vya kunata, kwa mfano kimoja kijani na kimoja chekundu. Mambo yakienda sawa, hubandika cha kijani nyuma ya skrini. Akikwama, hubandika chekundu, na msaidizi humjia. Ukiinua mkono, mkono huo hauwezi kuandika, na macho ya darasa zima hukugeukia. Kijikaratasi hukaa hapo kimya wakati wewe unaendelea kujaribu, na mwalimu akitupa jicho mara moja huona darasa limefika wapi. Wakati wa mapumziko washiriki huandika kwenye vijikaratasi hivyo jambo moja lililowafaa na jingine la kurekebishwa.

Mwalimu mwenyewe hasomi slaidi. Huandika programu mbele ya wanafunzi, mstari kwa mstari, nao wakiandika pamoja naye. Akikosea, hafichi kosa lake. Husoma ujumbe wa hitilafu kwa sauti, akawaonyesha anavyofikiri hadi atoke. Wazee walisema elimu bila amali ni sawa na nta bila asali, na hapa asali ni kumwona fundi akirekebisha kosa lake mwenyewe.

Wakufunzi nao hufundwa kabla ya kusimama darasani. Miongoni mwa wanayojifunza ni kwamba kichwa cha mtu hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kuwa ni kama saba. Ndiyo maana somo zuri hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hufuatwa na zoezi.

6. Je, wajua kwamba kwa kompyuta, 0.1 jumlisha 0.2 si 0.3 kamili?

Fungua Python uandike 0.1 + 0.2. Jibu utakaloliona ni 0.30000000000000004. Kompyuta haijaharibika. Sisi tukigawa 1 kwa 3 tunapata 0.333 isiyokwisha, kwa kuwa tunahesabu kwa makumi. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na kwake moja ya kumi ndiyo isiyokwisha, kwa hiyo huikata mahali fulani.

Makombo hayo madogo yamewahi kuua. Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora huko Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewaka kwa saa 100 mfululizo. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikuwa imekatwa kidogo. Makombo yalipolimbikizana, saa ikapotoka kwa sekunde 0.34 hivi. Kombora la Scud lililokuwa likija lilisafiri zaidi ya nusu kilomita katika muda huo. Mtambo ulilitafuta mahali lisipokuwapo, na wanajeshi 28 wa Kimarekani wakafa. Mtafiti aliyefunzwa vizuri haulizi kamwe kama namba mbili za desimali ni sawa kabisa. Huuliza kama tofauti yake ni ndogo kiasi cha kutomdhuru.

7. Je, wajua kwamba roketi iliangamia kwa sababu ya namba iliyokosa nafasi?

Juni 4, 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikumaliza hata dakika moja. Programu yake ya mwongozo ilichukuliwa kutoka kwa Ariane 4, iliyokuwa na mwendo mdogo zaidi. Namba iliyohusu mwendo wa mlalo ililazimishwa kuingia kwenye nafasi isiyozidi 32,767. Haikuenea. Programu ikasimama, roketi ikapinda na kuvunjika.

Ndani yake mlikuwa na setilaiti nne za mradi wa Cluster, zilizoundwa kuchunguza uga wa sumaku unaoizunguka dunia. Miaka ya kazi ya wanafizikia iliteketea, na setilaiti nyingine zikajengwa upya na kurushwa mwaka 2000. Tangu hapo mkasa huu husimuliwa kwa wanagenzi wa programu ili kuwafunza jambo moja: programu iliyofanya kazi jana mahali pengine lazima ijaribiwe upya leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

8. Je, wajua kwamba methali yetu ya daftari inaeleza kazi ya Git?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tazama kompyuta ya mtafiti yeyote asiyefunzwa: kuna faili inayoitwa “uchambuzi”, nyingine “uchambuzi_mpya”, nyingine “uchambuzi_mwisho”, na nyingine “uchambuzi_mwisho_kabisa”. Miezi sita baadaye mwenyewe hajui ni ipi iliyotoa grafu ya makala yake.

Git ndiyo daftari la kuondoa msiba huo. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliianza Aprili 2005, na ndani ya siku chache tayari ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe. Kila badiliko huandikiwa tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake, kisha hupewa alama ya utambulisho, kwa kawaida yenye herufi na tarakimu 40. Ukibadilisha hata nukta moja, alama inakuwa nyingine. Mtafiti anaweza kurudi kwenye hatua yoyote aliyoihifadhi na kuikuta kazi yake kama ilivyokuwa.

9. Je, wajua kwamba Galileo amekumbukwa katika daftari la kisasa la watafiti?

Mwaka 2001 Fernando Pérez, kijana wa Colombia, alikuwa akisomea uzamivu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Colorado. Alijiandikia programu ya mistari 259 ili apate kuzungumza na Python kwa urahisi zaidi. Programu hiyo, IPython, ilikua hadi ikazaa Jupyter mwaka 2014: daftari la kompyuta linaloweka pamoja maelezo, msimbo na grafu. Jina limeunganishwa kutoka lugha tatu, Julia, Python na R. Pia linaenzi daftari ambamo Galileo aliandika mwendo wa miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupiter) mwaka 1610.

Lakini daftari halimkomboi asiyejua kulitunza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikusanya madaftari ya Jupyter yapatayo milioni 1.4 yaliyowekwa hadharani. Kati ya yale yaliyojaribiwa kuendeshwa upya, ni karibu robo tu yaliyofika mwisho bila hitilafu, na kama 4 katika kila 100 ndiyo yaliyotoa majibu yaleyale. Mengi yalishindwa kwa sababu za kila siku: maktaba ya programu haikutajwa, faili ya data haikuwekwa, au hatua ziliendeshwa bila mpangilio.

10. Je, wajua kwamba CERN ina shule ya kompyuta tangu mwaka 1970?

Maabara ya fizikia ya chembe ya CERN, iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iliendesha shule yake ya kwanza ya kompyuta mwaka 1970 huko Varenna, Italia. Haja ilikuwa kubwa, na imezidi kukua. Katika mtambo wa LHC protoni hugongana hadi mara bilioni moja hivi kwa sekunde, na vifaa vya elektroniki pamoja na programu ndivyo vinavyoamua papo hapo migongano ipi ihifadhiwe. Sehemu kubwa mno hutupwa na hairudi tena. Data iliyobaki husambazwa kwa vituo vya kompyuta vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. Chembe ya Higgs iliyotangazwa Julai 4, 2012, ilitolewa ndani ya rundo hilo kwa programu zilizoandikwa na maelfu ya mikono, mingi ikiwa ya wanafunzi.

Hapohapo CERN ndipo Tim Berners-Lee, aliyesomea fizikia Oxford, alipopendekeza Wavuti mwaka 1989 ili watafiti wabadilishane nyaraka. Kompyuta yake iliyotumika kama seva ya kwanza ilibandikwa onyo la wino mwekundu kwamba isizimwe. Aprili 30, 1993, CERN iliwapa watu wote ruhusa ya kuitumia Wavuti bila malipo.

11. Je, wajua kwamba wewe pia unaweza kuchambua mawimbi ya mvutano?

Septemba 14, 2015, mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani ilinasa mtikiso wa sehemu ndogo ya sekunde, uliotoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana. Ugunduzi ulipotangazwa Februari 11, 2016, data ilitolewa hadharani pamoja na daftari la programu linaloonyesha jinsi ya kuondoa kelele hadi mawimbi yenyewe yaonekane. Tangu mwaka 2018 zimekuwapo warsha za kufundisha uchambuzi huo kwa data ileile ya kweli.

Waliopiga picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 10, 2019, walifundisha jambo jingine. Walijigawa makundi manne, na kwa wiki saba kila kundi likaandaa picha yake bila kuzungumza na mengine. Walipokutana, picha zote zilionyesha pete. Walikuwa wamepanga mapema namna ya kujikagua, ili wasije wakaona walichotamani kukiona.

12. Je, wajua kwamba ufundi huu umekwisha kupiga hodi kwetu?

Shule ya Afrika ya Fizikia, inayojulikana kwa kifupi ASP, ilianza mwaka 2010 huko Stellenbosch, Afrika Kusini, na mwaka 2016 ilifanyika Kigali, Rwanda. Miongoni mwa masomo yake ni kompyuta kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2018 Kigali ilipata pia taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, ili mwanafizikia wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya kwao na sayansi.

Darubini za redio nazo zimefungua mlango. MeerKAT, iliyo katika eneo la Karoo nchini Afrika Kusini na yenye madishi 64, ilizinduliwa mwaka 2018. Huko Kuntunse, Ghana, dishi la mita 32 lililokuwa la mawasiliano ya simu liligeuzwa darubini na kuzinduliwa mwaka 2017. Mradi wa DARA umewafunza vijana wa Kenya, Zambia, Msumbiji, Madagaska na nchi nyingine kuchambua data za darubini kama hizi. Data husafiri kwa intaneti. Anayejua kuandika programu anaweza kutazama mbingu za Karoo akiwa ameketi Nairobi.

13. Je, wajua kwamba fundi wa programu za utafiti sasa ana jina lake?

Kwa miaka mingi mtu aliyeandika programu iliyowafaa wenzake wote katika maabara hakupandishwa cheo, kwa kuwa cheo kilitegemea idadi ya makala. Mwaka 2012, katika mkutano nchini Uingereza, washiriki waliipa kazi hiyo jina la mhandisi wa programu za utafiti. Mwaka 2019 wahandisi hao wakawa na chama rasmi nchini humo. Hifadhi ya Zenodo, iliyoanzishwa CERN mwaka 2013, humwezesha mwandishi wa programu kuipatia utambulisho wa kudumu, ili inukuliwe kama makala inukuliwavyo.

Jaribu mwenyewe

Huna haja ya kungoja maabara. Python na Git hupatikana bure. Chukua vipimo vyovyote ulivyo navyo: mvua ya shambani kwako, joto la chumba kila saa, muda wa daladala au matatu kutoka kituo hadi kituo. Kwanza jiulize unataka kujua nini, kama vijana wa Los Alamos walivyoelezwa kazi yao. Kisha andika programu fupi ya kutafuta wastani, na uijaribu kwa namba tatu ambazo jibu lake unaweza kulihesabu kwa vidole. Jibu likiwa sahihi, weka hatua hiyo kwenye daftari lako la Git kabla ya kuendelea na nyingine. Na ukikwama, bandika kijikaratasi chako chekundu mahali kitakapoonekana, kwa maana kuuliza si ujinga.